Mhadhara wa kumuenzi mkuu wa kwanza wa chuo cha polisi: unaanzishwaje usife mwaka wa pili?

Kiranja_Mstaafu ameuliza:

Wakuu, salaam. Umoja wa wahitimu wa chuo kimoja cha polisi hapa Tanzania unataka kuanzisha mhadhara wa kila mwaka wa kumuenzi mkuu wa kwanza wa chuo hicho. Mzee ameshatangulia mbele ya haki, familia ipo, na uongozi wa chuo umekubali kwa mdomo kutoa ukumbi. Mkononi kuna Sh 11,000,000 za michango.

Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka mhadhara uwekwe siku ya kufunga mafunzo ili ukumbi ujae, wapo wanaotaka siku yake peke yake. Wapo wanaotaka waziri awe mtoa mada, wengine wanataka msomi au jaji. Fedha nazo: tuzitumie zote kwa uzinduzi wa nguvu, au tuziweke mahali zizae? Naomba majibu ya vitendo kutoka kwa wanaojua mambo haya, hasa yale yanayoharibika na sababu zake.

---

Mtunza_Nyaraka:

Mkuu, fedha na ukumbi vitafuata. Anzeni na neno "wa kwanza". Mihadhara ya namna hii huchafuka mapema kwa sababu mtu mmoja anasimama wakati wa maswali na kusema kabla ya huyo kulikuwa na fulani.

Chuo cha polisi mara nyingi hakina siku moja ya kuzaliwa. Tazama chuo cha taifa cha polisi cha India. Kilianza 1948 pale Mount Abu kikiitwa chuo kikuu cha mafunzo ya polisi, kikabadilishwa jina 1967, kikapewa jina la Sardar Vallabhbhai Patel 1974, kikahamia Hyderabad 1975. Ukiniuliza mkuu wa kwanza ni nani, nitakuuliza kwanza: wa Mount Abu au wa Hyderabad? Uingereza hali ni hiyohiyo. Chuo cha maofisa wa polisi kilifunguliwa 1948 Ryton-on-Dunsmore, karibu na Coventry, halafu 1960 kikahamia Bramshill, na watu wengi wanakijua kwa jina la Bramshill tu. Vyuo vya kwetu vina tabaka moja zaidi: shule ya mkoloni, kisha chuo cha baada ya Uhuru, kisha chuo kilichopandishwa hadhi.

Ule ubao wa majina ukutani, nje ya ofisi ya mkuu wa chuo, usiufanye ushahidi wako wa mwisho. Mbao hizi huandikwa miaka mingi baadaye, mara nyingi kwa kumbukumbu za watu, na kaimu wakuu huachwa. Tafuteni tangazo la uteuzi kwenye Gazeti la Serikali, halafu faili la uhamisho au makabidhiano Kumbukumbu za Taifa, halafu kitabu cha wageni au cha matukio cha chuo chenyewe. Mkiona tarehe mbili tofauti msishtuke: moja ni ya kuteuliwa, nyingine ya kuripoti. Chagueni moja na muiandike hivyo kila mahali.

Kama ushahidi unaonyesha kaimu alimtangulia kwa miezi kadhaa, msimfute. Andikeni "mkuu wa kwanza aliyethibitishwa", na kaimu atajwe kwenye wasifu kwa sentensi moja. Na neno "mwanzilishi" lina uzito wake: mtu anaweza kuwa mkuu wa kwanza bila kuwa mwanzilishi, kama chuo kilianzishwa na amri ya wizara naye akapangiwa tu.

Kitu kingine kifanyike kabla hamjachapa hata kadi moja. Andaeni wasifu wa kurasa mbili wenye ushahidi wa kila tarehe, na aliyeuandaa aangalie pia upande usiopendeza: malalamiko, tume, kesi, amri alizotoa wakati wa fujo. Mkikuta jambo zito, ni heri mlijue mkiwa wanane mezani kuliko kulisikia ukumbini mbele ya watu mia tatu. Familia itie saini barua fupi yenye mambo matatu: ridhaa ya kutumia jina na picha, kwamba jina halitauzwa kwa mfadhili, na utaratibu wa kuliondoa kama itabidi. Anayetia saini awe msimamizi wa mirathi, au mtu aliyeteuliwa na kikao cha ukoo chenye muhtasari. Mtoto mmoja mwenye simu nzuri hatoshi.

---

Hakimu_wa_Zamu:

Naongezea upande wa mtoa mada, maana hapo ndipo mfululizo unapopata au kupoteza heshima.

Mfano ulio karibu kabisa na mnachotaka ni wa CBI, idara kuu ya upelelezi ya India. Ilianza tarehe 1 Aprili 1963, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa D. P. Kohli, aliyeiongoza hadi 1968. Mhadhara wa D. P. Kohli unatolewa kwa jina lake. Tarehe 1 Aprili 2022 alialikwa Jaji Mkuu N. V. Ramana, na hakuja kuwapongeza tu. Alizungumzia imani ya wananchi kwa idara hiyo iliyopungua, akapendekeza kiundwe chombo kimoja huru kitakachoziweka idara mbalimbali za upelelezi chini ya mwavuli mmoja. Miaka miwili baadaye, 1 Aprili 2024, alikuja Jaji Mkuu D. Y. Chandrachud, akasema idara hizo zimebeba mizigo mingi mno, zijikite kwenye makosa yanayogusa usalama wa taifa na uchumi. Wenyeji wamekaa mstari wa mbele, wanasikiliza. Jengeni mfululizo ambao mgeni anaweza kuwaambia wenyeji wake jambo gumu, kisha mwakani akaalikwa mwingine wa aina hiyohiyo.

Sasa linganisha na mhadhara wa Rustamji wa kikosi cha ulinzi wa mipaka cha India, BSF. K. F. Rustamji ndiye aliyekiongoza kikosi hicho tangu kiundwe Desemba 1965. Mhadhara wake umeunganishwa na sherehe ya kuvisha nishani, na mwaka 2021 aliyeutoa ni Amit Shah, Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye kikosi kiko chini yake. Ukumbi unajaa, vyombo vya habari vinakuja. Lakini anachosema waziri mwenye dhamana ni sera ya wizara, na hakuna wa kumuuliza swali la kumbana. Hiyo ni hotuba halali kabisa, ila msiiite mhadhara.

Ushauri wangu: andikeni kwenye kanuni kwamba mtu mwenye mamlaka ya kiutawala juu ya chuo hatatoa mhadhara akiwa bado kwenye nafasi hiyo. Akistaafu, karibu. Hapo mnakuwa na jibu la kistaarabu mkiombwa "mpeni nafasi mheshimiwa".

Mtoa mada akiwa ofisa aliye kazini, kibali cha maandishi kipitie ngazi zake mapema, yeye mwenyewe ndiye aombe, nanyi mkae na nakala. Kibali cha mdomo huyeyuka wiki ya mwisho. Na kila mtoa mada, awe jaji au profesa, apewe maelezo ya nusu ukurasa: asitaje kesi iliyo mahakamani kwa namna ya kuamua nani ana hatia, asitaje jina la mtoa taarifa, asionyeshe picha ya mwathirika. Zaidi ya hapo msimguse. Mkidai kuhariri hotuba yake, mwenye hadhi atakataa na mtabaki na asiyekuwa na la kusema.

---

Mweka_Hazina_Mkavu:

Milioni 11. Nitasema wazi: uzinduzi wa nguvu ndio unaoua mihadhara mingi. Hema, matarumbeta, fulana, chakula cha watu mia nne, na mwaka wa pili mnaanza kupitisha kapu upya kwa watu walewale waliokwisha kuchoka.

Sajilini kwanza Bodi ya Wadhamini RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Si urembo. Fedha zikikaa kwenye akaunti ya watu watatu binafsi, mmoja akifariki akaunti inagota na warithi wanaingia. Hati fungani, yaani mkopo mnaoipa Serikali kwa riba, ikinunuliwa kwa jina la mweka hazina, akifa inahesabiwa kwenye mirathi yake, na ninyi mtakwenda mahakamani na daftari la michango mkiomba mhurumiwe. Bodi haifi. Watia saini wawe wa makundi mawili tofauti: mmoja kutoka kwa wahitimu, mmoja kutoka nje ya jeshi, mfano mwanafamilia au mhasibu. Msimweke mkuu wa chuo aliyepo kuwa mtia saini. Atahamishwa, na kila uhamisho ni miezi ya kubadilisha fomu benki. Yeye awe mjumbe kwa cheo.

Hesabu sasa. Hati fungani za muda mrefu za Serikali, zinazouzwa na Benki Kuu, mnaweza kuanza na Sh 1,000,000, na riba yake hulipwa mara mbili kwa mwaka. Viwango hubadilika, mwaka 2022 ile ya miaka 25 iliteremshwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Tufanye hesabu kwa 12.56, maana anayepanga kwa kiwango cha juu hujidanganya. Milioni 11 zinatoa 1,381,600 kwa mwaka, yaani 690,800 kila nusu mwaka. Hiyo inamsafirisha mtoa mada, inamlaza usiku mbili, inachapa kijitabu cha wastani. Haipiki pilau. Kama mnataka mhadhara wa kutumia milioni 6 hivi kwa mwaka bila kugusa mtaji, lengo lenu liwe milioni 75: zinazaa 9,420,000, mnatumia theluthi mbili, theluthi moja inarudi kununua hati nyingine. Mkitumia riba yote kila mwaka, baada ya miaka kumi shilingi ileile haitanunua hata karatasi.

Jambo dogo linalosahaulika: angalieni tarehe za kulipwa riba kabla ya kununua. Mhadhara wenu ukiwa Agosti na riba inaingia Machi na Septemba, kila mwaka mtakopa mwezi mmoja. Na bei ya mnada si lazima iwe Sh 100 kwa kila Sh 100 za hati. Mkinunua juu ya mia, mapato halisi ni chini ya riba iliyoandikwa kwenye hati.

Wafadhili karibuni, lakini si anayeuza sare, magari au redio kwa polisi, na si kampuni yenye kesi inayochunguzwa. Hata akitoa maji ya kunywa tu, picha ya bango lake nyuma ya mtoa mada itaongea peke yake.

---

Kiranja_Mstaafu:

Nashukuruni sana wakuu. Hilo la mtia saini limenigusa, maana rasimu yetu ilimweka mkuu wa chuo. Sasa siku yenyewe. Ratiba iweje? Na mgeni rasmi tunamweka wapi kama mtoa mada si kiongozi?

---

Itifaki_Imezingatiwa:

Jina langu linajieleza, naona hapa pananihusu.

Mwache mtoa mada awe ndiye mgeni rasmi. Mnapokuwa na wawili, mmoja anamla mwenzake, na anayeliwa siku zote ni mwenye karatasi ya kurasa kumi na nne. Kwenye taasisi ya sare hakuna anayeketi kabla mkubwa hajafika. Mkubwa akichelewa dakika hamsini, mhadhara unachelewa dakika hamsini, halafu mshereheshaji anamnong'oneza profesa "fupisha kidogo, muda umetubana".

Ratiba inayofanya kazi ni hii, kwa saa zetu. Watu wawe wameketi saa 3:40 asubuhi. Saa 4:00 wimbo wa Taifa. Wasifu wa mzee dakika tano, usomwe na mwanafunzi wa chuo na si mwanafamilia (mwanafamilia huzidiwa na machozi, na ni haki yake). Dakika mbili za kumtambulisha mtoa mada. Mhadhara kuanzia 4:10 hadi 4:50. Maswali nusu saa. Mkuu wa chuo dakika kumi za shukrani, yeye akiwa mwenyeji. Saa 5:30 mmemaliza.

Msiweke alasiri. Kuruta ameamka saa kumi alfajiri, amekimbia, amepiga kwata juani, amekula ugali na maharage saa saba. Ukimweka kwenye kiti cha plastiki saa nane mchana umsomee historia ya utawala wa sheria, atalala amekaa wima, macho wazi. Na ndiyo sababu siungi mkono kuunganisha na siku ya kufunga mafunzo. Siku hiyo kichwa cha kila mtu kiko kwenye gwaride, wazazi wamejaa getini na mabegi, na wahitimu wanawaza kituo walichopangiwa.

Salamu za itifaki pia ni mtego. Wasemaji watano, kila mmoja akianza na orodha nzima ya waheshimiwa kwa dakika nne, dakika ishirini zimekwenda na hakuna aliyesema kitu. Mshereheshaji aitaje orodha mara moja mwanzoni, wengine wote waseme "itifaki imezingatiwa" na waendelee. Kila msemaji aambiwe hivyo kwa maandishi kwenye barua ya mwaliko, asiambiwe kwa ishara akiwa jukwaani.

---

Mlinzi_wa_Geti:

Mkuu Itifaki, umesema vizuri ila tuwe wakweli. Kwenye chuo cha polisi hapa kwetu huwezi kufanya shughuli ya watu mia tatu bila kiongozi wa juu kualikwa. Akisikia hakuitwa, mwakani ukumbi utakuwa "una ukarabati". Njia ya kati ipo: mwalikeni kama mgeni wa heshima, kiti cha kwanza mstari wa mbele, na kazi moja tu ya dakika tano mwishoni, kumkabidhi mtoa mada nakala ya picha ya mzee. Kwenye ratiba iliyochapwa iandikwe "kukabidhi", isiandikwe "hotuba". Na mpelekeeni ratiba msaidizi wake, siku kumi kabla.

---

Itifaki_Imezingatiwa:

Nakubali hiyo, kwa sharti kwamba shughuli inaanza saa 4:00 awe amefika au hajafika, na liwemo kwenye barua aliyoijibu.

Kuhusu maswali: mkitegemea mikono itanyooka, hamtapata swali. Koplo hawezi kusimama mbele ya makamishna akauliza kwa nini mtuhumiwa anakaa mahabusu muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu. Gawieni vikadi vya ukubwa wa nusu ya kadi ya mwaliko, kimoja kila kiti, na penseli fupi. Visiwe na nafasi ya jina wala namba. Vikusanywe dakika ya 30 ya mhadhara na watu wawili wanaopita pembeni, vipelekwe kwa mwongoza mjadala ambaye si askari: mwandishi wa habari mzoefu au mwalimu wa sheria. Achague sita au saba, avisome kama vilivyo, vile vinavyofanana aviunganishe. Vikadi vyote vihifadhiwe kwenye bahasha. Mwaka unaofuata ndivyo vitakavyowapa mada.

---

Fundi_Mitambo:

Sauti. Hili ndilo watu wanaloliweka mwisho kwenye orodha, na bila sauti hakuna mhadhara, kuna watu wanaotazama mdomo ukicheza.

Kumbi nyingi za vyuo ni ndefu, kuta tupu, paa la bati. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna spika itakayoshinda, kwa hiyo msichague tarehe za Machi hadi Mei kama eneo lenu lina masika. Mwangwi unapunguzwa kwa vitu rahisi: pazia nzito nyuma ya watu, zulia jukwaani, na spika nne ndogo kando ya ukumbi badala ya mbili kubwa mbele zinazopigiwa hadi zilie.

Maikrofoni ya kubana kolani ni nzuri kwa raia. Kwa mwenye sare ya nishani ni balaa: nishani ziko kifua cha kushoto, akipumua zinagongana, na kwenye rekodi inasikika kama vijiko kwenye trei. Mbanieni upande wa kulia au mpeni ya kusimama kwenye mimbari. Ya mimbari iwe umbali wa shubiri moja na mdomo, ikilenga kidevu. Isilenge puani.

Redio za upepo na simu zikae mbali na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), angalau hatua mbili. Ule mlio wa "dirr-dirr-dirr" unaosikika kwenye spika ni simu inayotafuta mtandao karibu na waya mbovu. Walinzi wa viongozi hupenda kusimama hapohapo penye mikisa maana ndipo penye kivuli. Waombeni wasogee.

Umeme ukikatika, jenereta la chuo huchukua sekunde kadhaa kuingia, na mikisa ya kisasa ikizimika huanza upya polepole. Wekeni UPS (betri ya kushikilia umeme) kwa mikisa, kinasa sauti na kompyuta tu. Spika hazihitaji. Rekodini mahali pawili: kinasa kimoja kimechomekwa kwenye mikisa, kingine kimewekwa mezani mbele ya mtoa mada kikitumia betri zake. Kile cha mikisa kitakuwa safi lakini hakitasikia swali lililoulizwa bila maikrofoni. Cha mezani kitalisikia. Na jaribio lifanyike jana yake jioni, mtu akisoma kurasa mbili nzima, na mwingine akisikiliza kutoka kiti cha mwisho nyuma karibu na mlango. "Halo, halo, moja mbili" haipimi chochote.

---

Mchapaji_wa_Mtaa:

Kijitabu ndicho kitakachobaki, kwa hiyo kianze kutengenezwa kabla ya mhadhara. Mwambieni mtoa mada alete andiko wiki tatu kabla. Mhadhara wa dakika 40 kwa Kiswahili cha kusomwa kwa utulivu ni kama maneno 4,000 hadi 4,400. Akileta 9,000 mwambieni palepale: la 9,000 tutachapa, utakalosoma ni la 4,200, na achague mwenyewe cha kukata.

Ukubwa wa A5, kurasa zigawanyike kwa nne maana karatasi inakunjwa na kubanwa pini katikati. Maneno 4,200 kwa herufi za 11 yatakula kurasa 14 au 15. Ongeza ukurasa wa jina, wasifu wa mzee kurasa mbili, wasifu wa mtoa mada nusu ukurasa, orodha ya mihadhara iliyotangulia, utapata 20. Ndani gramu 80, jalada gramu 200 au zaidi. Ukizidi kurasa 60 pini haifungi vizuri, inabidi gundi.

Picha ya mzee ndiyo inayoharibika zaidi. Familia hutuma kwa WhatsApp picha iliyopigwa juu ya fremu yenye kioo, na mwanga wa dirisha umekaa usoni pake. Nendeni na skana, itoeni kwenye fremu, muiskani kwa nukta 600 kwa inchi. Angalieni pia vyeo begani: picha ya akiwa SP (Mrakibu) isiwekewe maelezo kuwa ni SACP (Kamishna Msaidizi Mwandamizi). Wastaafu wataliona hilo kabla ya kusoma neno la kwanza. ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ombeni mapema, na nakala za kisheria zipelekwe, halafu nakala nyingine ziende maktaba za vyuo vyote vya polisi na shule za sheria.

Msichape kabla ya mhadhara kwa sababu ya haraka. Jukwaani watu huongeza na kupunguza. Siku yenyewe gawieni ukurasa mmoja wa muhtasari, na kijitabu kitoke ndani ya siku 60 kikiwa na maswali na majibu nyuma.

---

Hakimu_wa_Zamu:

Hilo la kuchapa baadaye naliunga mkono. Mhadhara wa Dimbleby wa BBC unajulikana kwa mambo yaliyosemwa pale zaidi ya shughuli yenyewe. Mwaka 1973 Robert Mark, mkuu wa polisi wa London wakati huo, aliutumia kuwashambulia mawakili aliodai wanapotosha haki na kulalamikia watuhumiwa wanaoachiwa na baraza la wazee wa mahakama (jury). Wanasheria walikasirika vibaya. Novemba 2005 Ian Blair, naye akiwa mkuu wa polisi wa London, miezi michache tu baada ya polisi kumpiga risasi Jean Charles de Menezes, Mbrazili asiye na hatia, kwenye kituo cha treni cha Stockwell, alisimama kwenye mhadhara huohuo akauliza wananchi wanataka polisi wa aina gani. Ukiwa na andiko kamili, watu wanabishana na kilichosemwa. Usipokuwa nalo, wanabishana na kipande cha sekunde kumi na tano kilichozunguka kwenye simu.

---

Kiranja_Mstaafu:

Wakuu mmetusaidia kuliko vikao vyetu sita. La mwisho: tarehe na namba. Wengine wanataka siku aliyofariki mzee. Na kama mwaka mmoja tukikosa, hesabu inaendeleaje?

---

Mtunza_Nyaraka:

Siku ya kufariki iachieni familia. Siku hiyo wana hitma au misa yao, na mkiwachukulia mzee kwenye ukumbi wa chuo asubuhi, nyumbani mtakuwa mmevuruga. Zinabaki siku ya kuzaliwa kwake na siku ya chuo kuanza. CBI wameutoa wa Kohli tarehe 1 Aprili, siku idara ilipoanza, na hiyo ina faida moja kubwa: chuo kitaikumbuka siku yake chenyewe hata kamati yenu ikilegea. Ikiangukia Jumapili au katikati ya mitihani, kanuni iseme "siku ya kazi iliyo karibu zaidi kabla yake", msije mkakaa kikao kila mwaka kujadili jambo hilo.

Namba zifuate mihadhara iliyotolewa, zisifuate miaka. Ule wa Kohli wa 2022 ulikuwa wa 19, na wa 2024 ulikuwa wa 20. Mwaka wa katikati haukuhesabiwa, na hakuna aliyedanganywa. Mkihesabu kwa miaka mtajikuta na "Mhadhara wa Sita" ambao kijitabu chake hakipo maktaba popote, na mkutubi atakuwa anautafuta hadi anastaafu. Mkikosa mwaka, karani aandike mstari mmoja kwenye daftari la kamati: haukufanyika, na sababu. Jalada la kijitabu chenu cha kwanza liseme "Mhadhara wa 1", mwaka ukae chini yake kwa herufi ndogo.